Breka ya Nyuma ya Tanuri

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa koleo zangu mbili, ile yenye mpini mwekundu na ile isiyo na mpini, na atakayenikuta na uongo humu ndani anipe adhabu anayoitaka yeye. Watu hubishia habari za nyuki peke yake. Lakini hao wanaobisha hawakuwepo, na nyuki wenyewe mpaka leo hawajakanusha.

Nimefunga umeme miaka arobaini na moja, na sasa nimestaafu. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua redio ya kaka yangu, ambaye alinitandika sana kwa redio ile, kisha wiki iliyofuata akaniletea redio mbovu ya rafiki yake niitengeneze. Jina langu la kazi ni Volti. Na nina desturi moja ambayo mafundi wa siku hizi hawana, kwa sababu hawana cha kujivunia: kila boksi la umeme ninalolifunga huliandika kwa rangi nyekundu upande wa nyuma, ule unaolala ukutani. "Volti alipita hapa," kisha tarehe, kisha neno moja au mawili kuhusu kazi yenyewe. Hakuna anayeyaona maandishi hayo mpaka boksi ling'olewe. Na boksi langu haling'olewi.

Sasa nyuki. Nikiwa bado na nywele, nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, na kabati la breka lilikuwa limening'inizwa karibu kabisa na moto. Nyuki wakahamia humo. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunachota asali iliyokwisha kuchemka yenyewe, na nyuki wamekaa nje mlangoni mwa kabati wakijipepea kwa mabawa kama abiria waliochelewa. Breka za kabati lile zilikuwa zikikata umeme kila adhuhuri bila sababu. Bila sababu, walisema wahandisi. Mimi nikawatazama nyuki, nikaelewa. Wahandisi watano, nyuki elfu nane, na walioelewa mambo mle ndani ni nyuki na mimi.

Ndiyo maana sishangai mhandisi asipoelewa. Na hapo ndipo anapoingia mkwe wangu.

Yule kaka yangu wa redio alikuja kuwa mwoka mikate. Alijenga tanuri la matofali, akaoka miaka mingi, akafariki, na tanuri likabaki kwa mkewe. Huyo ndiye shemeji yangu, mwanamke mwenye mikono ya kukanda na macho ya kuhesabu uongo wa mtu akiwa bado mlangoni. Binti yao aliolewa na bwana mmoja mhandisi. Mimi humwita Cheti. Vyeti vyake amevipiga picha vyote na kuvihifadhi kwenye simu, na ukimuuliza saa ngapi, atakuonyesha kwanza cheti kimoja njiani akielekea kwenye saa.

Tatizo lilikuwa hili. Kwa wiki mbili mfululizo, kila siku ilipofika saa nne na nusu asubuhi, mashine ya kukandia ikiwa inazungusha donge la pili, feni ya tanuri ikipuliza na mashine ya kukatia mikate ikikata, breka ilisema tap! Kimya. Donge likalala kwenye pipa la mashine kama mlevi kwenye benchi. Ukirudisha breka, inakaa dakika kumi, tap! Na saa sita kamili gari la hospitali huja kuchukua mikate ya wagonjwa. Mara tatu gari lilikuja likakuta mikate haijaiva. Mara ya tatu alikuja msimamizi wa jiko la hospitali mwenyewe, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mama," alimwambia shemeji, "wagonjwa wangu hawali samahani. Ikichelewa mara ya nne, natafuta mwoka mwingine."

Shemeji alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Hospitali ndiyo inayolifanya tanuri lile liwake. Ikiondoka, linazimwa, na kila kitu alichojenga kaka yangu kinakuwa mahali pa paka kulala.

Cheti aliitwa mara tatu, na mara zote tatu alifanya upuuzi uleule kwa nidhamu kubwa. Anafika, anafungua mfuniko wa boksi, anabana kipimo chake kwenye waya, anasoma umeme unaopita: ampia thelathini na moja. Anaisoma breka, kikomo chake: thelathini na mbili. Anatikisa kichwa kama daktari aliyepata mgonjwa wa kujitakia. Anasubiri nusu saa, mfuniko uko wazi, breka haikati. Anafunga mfuniko, anakula mkate wa moto, anaondoka. Kesho yake saa nne na nusu, tap!

"Inaona haya kutazamwa," shemeji alisema.

"Mama, breka haina haya," Cheti akamjibu, na hilo ndilo jambo pekee la kweli alilosema wiki ile. Akanunua breka mbili mpya za thelathini na mbili, pacha, zimetoka kwenye katoni moja. Akafunga moja. Tap!

Siku ya Jumatano nilikuwa nimeenda kuchukua mikate yangu miwili ya kila siku, ambayo ni haki yangu kama mdogo wa marehemu. Nilikuta breka imekwisha kukata mara moja, na shemeji, aliyechoka kumsubiri mhandisi, ameung'oa mfuniko wa boksi na kuutupa kando. Umeme ukashika. Mikate ya hospitali ikaondoka saa sita kasoro dakika mbili, bado inatoa mvuke. Ndipo Cheti akaingia na breka nyeusi, nene, ameishika kwa vidole viwili kana kwamba ni pete ya posa.

"Hiyo nini, mkwe?" nikamuuliza.

"Shikamoo, baba mdogo. Breka ya hamsini. Ile ya thelathini na mbili imezidiwa. Tunampa mama nafasi ya kupumua."

"Marahaba. Na waya?"

"Waya upo."

"Naona upo. Hata mimi nipo. Nauliza, utabeba hamsini?"

Akacheka kile kicheko cha watu waliosoma, kinachoanzia puani. "Baba mdogo, mashine zinatumia thelathini na moja tu. Hamsini haitafika."

"Ikifika? Mota ya kukandia ikikwama na donge gumu, ikavuta arobaini na tano, nani atakata? Breka haikuwekwa kwa ajili ya mashine, bwana mkubwa. Imewekwa kwa ajili ya waya. Hebu njoo hapa." Nikambonyezea ukucha kwenye plastiki ya waya ndani ya boksi. Alama ya ukucha ikabaki. "Plastiki ikibaki na alama ya ukucha wa mzee kama mimi, ujue imepikwa. Wewe unataka kumwondoa mlinzi kwa sababu anapiga filimbi."

Shemeji akaacha kufuta meza. "Kwa hiyo nyumba itaungua?"

"Leo hapana," nikasema. "Itangoja Cheti awe amekula mkate."

Basi nikamwambia Cheti asome uso wa breka, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasoma: ampia thelathini na mbili. Volti, sijui ngapi. Na chini, kwa herufi za siafu, nyuzi arobaini.

"Hizo arobaini za nini?"

"Ni kinga," akasema bila hata kupepesa. "Mahali pakifika nyuzi arobaini, inajikata yenyewe. Usalama."

Nilitaka kucheka, lakini shemeji aliniwahi. "Mkwe wangu, ukuta huu saa mbili asubuhi haushikiki kwa mkono. Mbona saa mbili haikati? Inangoja nini, kengele?"

Cheti akatazama simu yake. Sijui alikuwa anatafuta cheti gani.

Nikawaeleza, na nitakueleza na wewe, maana ni jambo dogo ambalo limewashinda watu wenye kofia za mraba. Ndani ya breka kuna ukanda mdogo wa metali mbili zilizogandishwa pamoja. Umeme ukipita mwingi, ukanda unapata joto. Metali moja inatanuka kuliko mwenzake, basi ukanda unapinda. Ukipinda vya kutosha, unafyatua, tap! Lakini ukanda ule ni mjinga mwaminifu. Hauulizi joto limetoka wapi. Liwe la umeme, liwe la tanuri, unapinda tu. Aliyeitengeneza aliijaribu mahali penye nyuzi arobaini, ndipo akaandika thelathini na mbili. Breka nyingine zinaandikwa nyuzi thelathini. Kila mtu asome yake. Ukiiweka mahali penye joto kuliko hapo, ukanda unakuwa umekwisha kupinda nusu safari kabla umeme haujaanza kazi. Saa mbili mashine hazijawaka zote, basi unaishia hapo; saa nne na nusu zinawaka zote, unamaliza safari.

"Ni kama hamira," shemeji akasema.

"Hamira imeingiaje?" Cheti akauliza.

"Unga uleule, hamira ileile. Hapa karibu na tanuri unaumuka kwa saa moja, kule ukumbini kwa saa mbili. Mwoka anayefuata saa iliyoandikwa kwenye paketi bila kujua jiko lake lina joto gani, anatoa matofali." Akavuta droo, akatoa kipimajoto chake cha unga, chenye mshale. "Weka hiki humo ndani, funga mfuniko."

Tukafunga. Baada ya robo saa tukafungua. Mshale ulikuwa kwenye sitini na mbili.

"Sitini na mbili!" nikasema. "Hapo thelathini na mbili yako imekuwa kama ishirini na sita, ishirini na saba. Na mashine zinavuta thelathini na moja. Ukifungua mfuniko, hewa inaingia, inapoa, inashika. Umekuja hapa mara tatu ukaitibu kwa kuifungulia dirisha, halafu ukaenda nyumbani ukasema ni mzima."

"Baba mdogo, namba ni namba," Cheti akasema. Alikuwa ameanza kuwa mwekundu masikioni. "Imeandikwa thelathini na mbili. Haiwezi kuwa thelathini na mbili ukumbini na ishirini na sita hapa. Na kwanza, nani alifunga boksi mahali pa kijinga namna hii? Mgongoni mwa tanuri!"

Nikamwambia ukweli: kwamba alilifunga fundi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi, na ambaye alihama zamani sana na hajulikani alipo.

"Mtu wa hovyo," Cheti akasema.

"Wa hovyo kabisa," nikakubali. "Mtu asiyejua moto uko wapi, umpe umeme?"

"Alikuwa amelewa?" shemeji akauliza, ananitazama.

"Angekuwa amelewa tungemsamehe, shemeji. Huyo alikuwa na akili zake zote, ndiyo maana inatisha. Ningempata, ningemkalisha hapa hapa kwenye stuli, mgongo ukutani, na koti la sufu, kuanzia saa nne mpaka saa sita, wiki nzima, ili ajue breka inaonaje."

"Na kofia," Cheti akasema.

"Na kofia!"

"Tumeelewana?" shemeji akasema. "Akipatikana?"

"Akipatikana, naapa, mimi mwenyewe nitambebea stuli."

Basi ikabaki kumthibitishia Cheti. Wazo la jaribio lilikuwa la kwangu. Shemeji husema ni lake, kwa sababu yeye ndiye aliyelitamka, lakini mimi nilikuwa karibu kulitamka na yeye ana pumzi ndefu kuliko mimi. Alisema hivi: "Mimi nikitilia shaka hamira, naweka mabonge mawili, moja huku, moja kule. Fanyeni hivyo. Breka mbili pacha si zipo?"

Tukazima umeme. Cheti, na hapa sina budi kusema ana mkono safi wa kuunga waya, akafunga breka moja ndani ya boksi la nyuma ya tanuri, akavuta waya mzuri mpya mpaka ukumbini, akafunga ile pacha yake ukutani karibu na mlango, kisha akazifuatanisha, umeme uleule upite kwanza hii kisha ile. Hakuna inayobeba zaidi ya mwenzake. Mfuniko ukafungwa. Shemeji akawasha mashine zote kwa mikate ya mtaani, tukakaa.

Cheti alikaa na saa yake. Mimi nilikaa na mkate wangu. Ilichukua dakika thelathini na nane.

Tap!

Tukakimbia. Ya ukumbini ilikuwa imesimama vilevile. Iliyokata ni ya nyuma ya tanuri.

"Hii ilikuwa mbovu ya kiwandani," Cheti akasema papo hapo.

"Badilisheni," shemeji akasema. "Hii nendeni nayo ukumbini, ile ileteni huku."

Akabadilisha. Dakika arobaini na moja. Tap! Iliyokata ni ileile ambayo mara ya kwanza ilikuwa inastarehe ukumbini. Na ile aliyoiita mbovu ilikuwa mlangoni, inabeba thelathini na moja bila hata kutoa jasho.

Nilisubiri aseme namba ni namba. Aliishika ile ya moto, akaiachia upesi, akapuliza vidole. Halafu akaichukua ile breka ya hamsini mezani na kuitia mfukoni mwake polepole, kama mtu anayeokota bahasha aliyoiangusha msibani.

"Basi," akasema. "Boksi linahama. Liende ukumbini, na waya wote huu wa nyuma tuutoe, tuweke mpya."

"Hayo ndiyo maneno!" nikasema. "Nendeni mkanywe chai. Kulihamisha niachieni mimi."

Shemeji akageuka. "Wewe? Jana ulilalamika mgongo kwa mikate miwili."

"Nyuma ya tanuri ni mahali pa hatari, shemeji. Panahitaji mtu mzoefu, na awe peke yake. Mwangaza si mzuri. Mnaweza kuumia macho."

"Macho?"

"Macho, ndiyo. Vumbi."

Cheti alikuwa tayari ana bisibisi mkononi. Nikamwambia skrubu zile ni za zamani, zina kutu, zitampasua kiganja. Zikatoka zote nne kama zilizopakwa siagi, maana aliyezifunga alikuwa fundi. Nikamwambia asiligeuze boksi, linakaa vizuri likilala kwa uso. Akaligeuza.

Rangi nyekundu, ikiwa kwenye giza miaka yote hiyo, haipauki hata kidogo.

Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Volti alipita hapa." Akasoma na tarehe. Akasoma na mstari wa chini. "Joto la huku si mchezo."

Feni ya tanuri ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata kelele ya kusingizia kwamba sikusikia haikuwepo.

"Wakati ule," nikasema, "tanuri lilikuwa bado halijajengwa."

"Tanuri halijajengwa," shemeji akasema, "na wewe ukasikia joto."

"Volti tuko wengi. Ni jina la kawaida sana katika kazi hii."

"Na wenye herufi kama kuku aliyekanyaga rangi, nao ni wengi?" Cheti akauliza. Yule bwana alikuwa anatetemeka kwa furaha. Alitoa simu, akalipiga boksi picha, na najua ameihifadhi pamoja na vile vyeti vyake.

"Marehemu kaka yangu ndiye aliyeninong'oneza pale," nikajaribu tena. "Kaka alisema..."

"Kaka yako ni mume wangu," shemeji akasema. "Na alikuambia uweke mlangoni. Nilikuwa nimesimama hapa na sinia. Ukamwambia hujasafiri kote huko uje ufundishwe na mwoka mikate."

Alikuwa anajua. Tangu mchana ule, alipouliza kama huyo fundi alikuwa amelewa, alikuwa anajua, na aliniacha niendelee kumtukana yule mtu wa hovyo mpaka nikaongeza na kofia.

Boksi likafungwa ukumbini saa kumi na moja jioni, kwa waya mpya. Alhamisi saa nne na nusu ikapita bila tap, na saa tano, na saa tano na nusu. Saa sita kasoro robo mikate ya hospitali ilikuwa imepangwa mlangoni inangoja gari, na msimamizi wa jiko, aliyekuja mwenyewe kukagua, alikula mmoja kwa kusimama na akavaa kofia yake. Hakusema lolote kuhusu mwoka mwingine.

Hayo yote niliyaona kwa kuinamisha shingo, kutoka kwenye stuli. Koti ni la marehemu kaka, la sufu, na kofia Cheti alinunua mpya, ya masikio. Mgongo uko ukutani, pale pale palipo na matundu manne ya skrubu. Leo ni siku ya tatu, na kama unaona mwandiko huu unatelemka kuelekea kona ya karatasi, ni jasho.

Sasa hivi Cheti amekuja na kipimajoto cha unga, amekining'iniza kwenye tundu mojawapo, sambamba na sikio langu. Amesubiri mshale utulie.

"Hamsini na tisa," amesema. "Baba mdogo, wewe uliandikwa nyuzi ngapi?"

Nimemwambia thelathini na saba. Ameinama, amenitazama usoni kwa makini kana kwamba anatafuta mahali palipoandikwa, halafu ameenda zake ukumbini kwenye hewa, na shemeji amemmiminia chai. Vikombe nimevihesabu kutoka hapa. Viko viwili.